Kabla ya Kuingia Karura: Saa, Matope na Kima

Msitu wa Karura uko ndani ya Nairobi, kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu. Una hekta zipatazo 1,000 na zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea. Ulitangazwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakipinga usimegwe kwa ajili ya majengo. Leo mtu hushuka matatu, akalipa langoni, akaingia. Wepesi huo ndio huwaponza wengi: huja saa tisa na nusu alasiri, mikono mitupu, kana kwamba wanapita bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji kupumzika dakika kumi.

Tuanze na saa. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta, mwaka mzima jua hutua takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na giza halibishi hodi. Chini ya miti mirefu giza huingia mapema zaidi. Kosa la kawaida ni kugawa muda nusu kwa nusu. Ukielekea mtoni unateremka, kurudi unapanda, na wakati huo miguu imeshachoka. Ikiwa kushuka kumekuchukua dakika 40, jipe saa nzima ya kurudi. Kwa mara ya kwanza kilomita tano zinatosha, nazo zitakula saa moja na nusu hadi mbili ukisimama hapa na pale. Aliyefika juzi kutoka Mombasa atahema kuliko mwenyeji; mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo apunguze mwendo.

Njia panda za msituni zina vibao vya nambari. Piga picha ramani iliyo langoni, kisha piga picha kila kibao unachopita. Ukipotea, usikate kichakani kutafuta njia ya mkato: rudi hadi nambari ya mwisho uliyoiona, uilinganishe na ramani. Ukihitaji msaada, kumwambia askari wa msitu kuwa uko kati ya nambari hii na hii kunamfaa kuliko maelezo marefu ya mti uliouona. Simu iwe na chaji ya kutosha, maana hata kiingilio hulipwa kwa simu, si kwa pesa taslimu. Viwango hubadilika, basi vihakikishe kabla ya kutoka nyumbani.

Sasa matope. Udongo wa huku ni mwekundu, laini, na mvua ikinyesha hunata chini ya kiatu hadi meno ya soli yakajaa. Hapo kiatu chenye soli nzuri hugeuka ndala. Kila baada ya hatua kadhaa pangusa soli kwenye jiwe au nyasi. Ukiteremka, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, geuza nyayo upande. Kabla ya kuteremka kaza kamba za kiatu karibu na kifundo cha mguu, si kwenye vidole. Vidole vikigonga mbele ya kiatu kwa nusu saa, kucha huwa nyeusi. Madaraja ya mbao na mawe ya karibu na maporomoko ya maji huteleza hata siku ya jua, kwa sababu ya ukungu wa kijani unaoota penye unyevu. Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, chukua soksi za akiba.

Na ukikuta dimbwi katikati ya njia, pita humo humo. Wengi hukwepa kwa kukanyaga ukingo, wa pili naye hukwepa ukingo uliokwisha kuwa tope, na baada ya msimu mmoja njia ya mita moja imekuwa ya mita tatu, miche imekufa na mizizi iko nje. Kiatu kitakauka.

Kima wanastahili maelezo zaidi, maana ndio chanzo cha vurugu nyingi. Huyu ni nyani? La, kima ni mdogo kuliko nyani, na ana mkia mrefu. Mwangalie akiwa tawini: hakutazami usoni, anatazama zipu ya mkoba. Amejifunza sauti ya zipu na ya karatasi ya biskuti kutoka kwa watu waliomrushia ndizi. Kwa hiyo chakula kiwe ndani ya chombo chenye mfuniko mgumu, kifunguliwe penye meza za kulia tu, na mtoto asitembee na andazi mkononi. Akikishika chakula, kiachie. Wengi huumwa katika kuvutana. Akikuuma au kukuparuza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

Mbega, mweusi mwenye manyoya marefu meupe mgongoni, ni habari nyingine. Walirudishwa Karura kuanzia mwaka 2014, hula majani huko juu na hawana haja na mkoba wako. Kuwaona, simama kimya asubuhi na utafute mkia mweupe unaoning'inia.

Maji ya kunywa: nusu lita kwa kila saa, kwenye chupa ya chuma au ya kutumika tena. Tangu Juni 5, 2020 chupa, sahani na mirija ya plastiki ya kutumika mara moja ni marufuku katika misitu na mbuga za Kenya, nao hukagua langoni. Maji ya mto usiyanywe wala usiogelee. Mito hii hupita makazini kabla ya kufika msituni.

Mbwa awe kwenye kamba. Baiskeli zina njia zake. Siku ya upepo usitandike mkeka chini ya mikaratusi, kwani huangusha matawi.

Siafu huvuka njia kwa msururu mweusi; ruka, usisimame kuwatazama. Nyuki wakichokozeka, funika uso kwa nguo na ukimbie bila kuwapungia mikono, kisha ng'oa miiba haraka kwa kuikwangua kwa ukucha. Majani yanayowasha, ambayo wengi huyaita thabai, hayapenyi kwa urahisi suruali ndefu.

Ukifika nyumbani, kagua nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio ya watoto. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa kiberiti, maana huenda akatapika ndani ya ngozi kabla ya kuachia. Osha mahali hapo kwa sabuni, andika tarehe, na ukipata homa katika wiki mbili zinazofuata, mwambie daktari kuwa uliumwa na kupe.