Mwani Unaorudi Katika Tangi Dogo la Maji ya Chumvi: Sifuri ya Kipimo Isikudanganye

Wengi wanaoniomba ushauri huanza kwa kueleza kwamba wamepima maji, naitreti ni sifuri, fosfeti ni sifuri, na bado mawe yao hayaishi kufunikwa na nyuzi za kijani. Kipimo chao si kibovu, ila kinapima tu kile kilichosalia majini, ilhali virutubisho hivi, vinavyotokana na chakula na kinyesi cha samaki, huwa vimekwisha kufyonzwa na mwani wenyewe. Tangi la namna hiyo si safi. Akiba yake imehamia tu ndani ya mwani.

Akiba nyingine imo katika mawe. Fosfeti hunata kwenye kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo mawe na mchanga wa matumbawe vimefanyika kwayo, na kiwango chake kikishuka majini, mawe huanza kuiachia kidogo kidogo. Ndiyo maana mtu hubadilisha maji kwa bidii, akafurahi siku chache, kisha mwani ukachipua tena juu ya jiwe lilelile.

Dawa ninayoitegemea kuliko zote ni mkono. Zima pampu kwanza ili vipande visisambae, zungusha nyuzi kidoleni na uzing'oe kuanzia shinani, huku mpira wa kunyonyea maji ukiwa karibu kuvuta vinavyoponyoka. Jiwe linaloweza kutolewa lisugue kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kisha maji hayo yamwage. Kila shungi linalotoka huondoka na naitrojeni na fosforasi yake, ilhali mwani uliouawa kwa dawa na kuachwa uoze humo humo huvirudisha vyote majini. Konokono waje baadaye, kwa kuwa wengi wao hula chipukizi fupi na kuziacha nyuzi ndefu.

Chunguza pia maji ya kujazia. Maji yanapovukiza, chumvi hubaki, kwa hiyo tunajazia maji yasiyo na chumvi. Yakiwa ya bomba, silika na naitreti zake hulimbikizana, na vumbi la kahawia la dayatomu (mwani wa seli moja unaohitaji silika) halikomi. Tumia maji yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume, yaani kusukumwa kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, kisha yakaondolewa madini yaliyosalia.

Hata hivyo, sishauri kukimbilia sifuri. Virutubisho vikikauka kabisa, dinoflajelati hupata nafasi: utelezi wa kahawia wenye viputo, ambao baadhi ya aina zake huua konokono wanaoula, na kwa maoni yangu ni afadhali nyuzi za kijani mara kumi. Mimi huridhika na fosfeti ya miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita, na naitreti ya miligramu 5 hivi. Ukitumia punje za oksidi ya chuma kunasa fosfeti, anza na kiasi kidogo, kwa sababu katika tangi la lita 40 kiwango kinaweza kuporomoka haraka, na matumbawe hayastahimili badiliko la ghafla.