Bismuthi ndani ya kioo: mwanga tusiouona na faiba ya Kigoma

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na mwanga unaobeba data ndani ya faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo, hauwezi kufika huku bila kutiwa nguvu njiani. Kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 faiba nzuri hupoteza kama desibeli 0.2 kila kilomita, kwa hiyo baada ya kilomita 100 imebaki sehemu moja ya mia. Kwenye 1310 hasara ni kama 0.35, na umbali huohuo unakuachia chini ya sehemu moja ya elfu tatu.

Tunaokolewa na amplifaya za erbiamu, vipande vya faiba vilivyotiwa metali ya erbiamu ili kuukuza mwanga, ila hizo zinafanya kazi kati ya 1530 na 1620 hivi. Chini ya hapo, kuanzia 1260 hadi karibu 1500, kuna nafasi tele ya kupitisha data na erbiamu haiigusi. Bismuthi, metali nyingine, inaigusa. Ndiyo hiyohiyo inayotiwa kwenye baadhi ya dawa za tumbo.

Mwaka 2001 Fujimoto na Nakatsuka wa Japani walionyesha kwamba kioo cha silika chenye bismuthi na alumini, kikimulikwa kwa mwanga unaoonekana, hutoa infraredi, yaani mwanga tusiouona, iliyotanda karibu na 1250. Mwaka 2005 kundi la mtafiti Dianov huko Moscow likatoa leza ya faiba ya bismuthi.

Elektroni za erbiamu zinazotoa mwanga zimejificha ndani ya atomi, hazijali sana zimewekwa kwenye kioo gani. Za bismuthi zinakaa barazani, jirani akibadilika nazo zinabadilika. Kwenye faiba, ukitia alumini mwanga unaangukia 1150 hivi; fosforasi, 1300; silika tupu, 1400; jerimaniamu kwa wingi, karibu 1700.

Kazi yenyewe iko tanurini. Bismuthi unayoitia ni oksaidi, yaani Bi³⁺, bismuthi iliyopoteza elektroni tatu, na hiyo haitoi infraredi tunayoitafuta. Joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi linainyang'anya oksijeni, na kioo kinaanza kuwa chekundu cha kahawia. Rangi hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza, kabla hata ya kuwasha kifaa cha kupimia. Tia kitu kinachoirudishia oksijeni, kama oksaidi ya siriamu, rangi inapauka na infraredi inafifia. Ukizidisha upande wa pili, yaani kuinyang'anya oksijeni, bismuthi inakuwa metali, inajikusanya vipunje vipunje, kioo kinatoka cheusi ti. Hicho ni cha kutupa.

Ni bismuthi ya namna gani hasa inayowaka? Wapo wanaosema Bi⁺, wapo wanaosema atomi zilizoshikana mbilimbili, wengine wanataja bismuthi iliyokaa kando ya pengo la oksijeni. Fujimoto mwenyewe alianza na Bi⁵⁺. Hiyo siikubali: joto kali huondoa oksijeni, haliongezi.

Mafundi wenzangu wa mitaa ya Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, hata amplifaya za bismuthi zikifika, kuna kebo ambazo hazitanufaika nazo sawasawa. Faiba nyingi za zamani zina mabaki ya maji ndani ya kioo, nayo humeza mwanga kwenye 1383, ndani ya nafasi hiyohiyo ya bismuthi. Kabla hujafukia kebo, soma aina ya faiba iliyoandikwa kwenye ganda: G.652D imesafishwa maji hayo, G.652A na G.652B hazina sharti hilo.