Uendelevu si kupanda miti tu
Kampuni za Dar es Salaam zikitangaza uendelevu, yaani kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja kesho, picha ni ileile: mameneja ndani ya fulana mpya wakipanda mikoko. Basi wengi huamini ni suala la mazingira tu. Sivyo. Ripoti ya 1987 ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, ndiyo iliyoeneza wazo hili, nayo ilitanguliza mahitaji ya maskini.

Chukua chupa za plastiki. Kampuni hujisifu kwamba zinarejelezwa, lakini anayeziokota mitaroni na kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi mara nyingi hana mkataba, glavu wala bima. Hulipwa kwa kilo. Bei ikishuka, anaacha (nani angeendelea?), chupa zinaziba mitaro, na masika yakifika wa kwanza kufurikiwa ni wakazi wa bonde la Msimbazi.