Ile orodha inayochomoza si kitabu chako cha anwani

"Nimeshamfuta, mbona bado anatokea?"

Swali hili limerudi tena wiki hii, safari hii na alama tatu za mshangao, kwa hiyo naliandikia jibu refu ili anayefuata nimtumie kiungo niendelee na chai yangu. Umemfuta kwenye kitabu cha anwani. Anatokea kwenye mapendekezo. Hivyo ni vitu viwili, na maadamu unavihesabu kimoja, ipo siku mkataba wa Mohamed wa manunuzi utamfikia Mohamed wa saluni.

Ukiandika herufi mbili tatu kwenye mstari wa mpokeaji, programu inapekua sehemu kadhaa kwa mpigo: kitabu unachokitunza mwenyewe, kapu la anwani ilizojiokotea kila ulipotuma barua, na kazini huenda na saraka ya ofisi nzima. Kinachochomoza ni mchanganyiko wa vyote, na mara nyingi huoni kipi kimetoka wapi. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba ana anwani mia sita, ukifungua kitabu chenyewe unakuta kumi na moja, tena tatu ni zake mwenyewe.

Kila programu ina kapu lake. Kwenye Gmail linaitwa "Other contacts", utalikuta safu ya kushoto ndani ya Google Contacts. Kwenye Thunderbird ni "Collected Addresses", nalo ni kitabu kamili chenye faili lake, history.sqlite, kando ya abook.sqlite inayobeba "Personal Address Book". Kwenye Outlook ya Windows, ile ya kawaida ya siku zote, si kitabu hata kidogo: ni kumbukumbu ya mapendekezo inayobeba hadi anwani 1,000. Hadi toleo la 2007 ilikaa kwenye faili lenye mkia wa NK2. Watu walibadilisha kompyuta, wakaliacha faili hilo kwenye mashine ya zamani, wakaja kulia kwamba anwani zimepotea, ilhali hawakuwahi kuhifadhi hata moja.

Kwa hiyo, anayekusumbua umfute pale anapoishi. Outlook: andika herufi zake za mwanzo, shuka kwa mshale hadi jina lake, bofya X iliyo kulia. Gmail: mtafute ndani ya "Other contacts" umfute huko. Thunderbird: fungua "Collected Addresses" umfute huko. Outlook ina pia kitufe cha kufuta kumbukumbu yote kwa mara moja, File, Options, Mail, kisha teremka hadi sehemu ya kutuma barua. Usikiguse kabla hujajiridhisha kwamba unaowahitaji wamo kwenye kitabu halisi. Hakuna cha kurudisha nyuma.

Jambo moja la haraka kwa wenye Exchange, yaani seva ya barua ya Microsoft, ofisini. Mwenzako wa ndani hakumbukwi na Outlook kwa anwani yenye @. Anakumbukwa kwa anwani ndefu ya ndani ya mfumo. Akaunti yake ikifutwa na kuundwa upya, hata kwa jina lilelile, barua yako inarudi na mstari unaoanza na IMCEAEX. Kila mtu anapiga kelele kwamba seva imekufa. Seva ni nzima. Futa pendekezo, mchague upya kutoka saraka ya ofisi, basi.

Je, uzime kabisa ule ukusanyaji? Vitabu vya mafunzo vinasema zima. Mimi nimewahi kushauri zima, nimewahi kushauri acha, na sina upande ninaoweza kuuapia. Ukizima, siku unapomtafuta yule mgavi uliyemwandikia mara moja tu, hayupo, na utarudi kuchimba kwenye barua zilizotumwa. Ukiacha, makosa ya kuandika yanahifadhiwa milele: ukiandika gmial.com mara moja, itakupendekezea gmial.com kwa bidii ya mtumishi mwaminifu. Ninachokisimamia ni kwamba kapu libaki kapu. Kwenye Thunderbird nenda Settings, Composition, sehemu ya Addressing, hakikisha anwani za wanaotumiwa zinaingia "Collected Addresses" na siyo kitabu chako binafsi. Kisha mara moja kwa mwezi fungua kapu, waburute wanaostahili kwenye kitabu, waliobaki wafute. Dakika kumi.

Sasa majina. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha.

Programu inatafuta kwa kile unachoandika, lakini watu wanahifadhi majina kana kwamba wanaandaa bango la mkutano. "Mhe. Dkt. Mhandisi" likikaa mwanzo wa jina la kwanza, ukiandika "dk" wanajitokeza madaktari wote wa mkoa. Cheo kina nafasi yake kwenye fomu, kabla ya jina la kwanza, kiweke huko. Jina la kwanza liwe la kwanza, la ukoo liwe la mwisho, hata kama orodha uliyopewa ya wajumbe imeanza na ukoo kwa herufi kubwa. Herufi kubwa na ndogo hazina athari kwenye utafutaji, ila mpangilio wa majina unavuruga upangaji wote wa alfabeti.

Halafu tahajia. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi: usisahihishe jina la mtu. Liandike kama anavyoliandika yeye. Ugumu wa kukumbuka tahajia utatue kwenye nafasi ya jina la utani. Kwenye Thunderbird nafasi hiyo ina nguvu ambayo wengi hawaijui: ulichoandika kikilingana na mwanzo wa jina la utani, mtu huyo anapanda juu hata kama kuna mwingine unayemwandikia kila siku. Wengine wote hupangwa kwanza kwa namna jina linavyolingana na ulichoandika, kisha kwa wingi wa mara ulizowaandikia. Mpe Mohamed wa manunuzi jina la utani "mmn", herufi tatu ambazo hazianzi jina la mtu yeyote duniani, na wa saluni hatakaa juu yake tena. Usiwape watu wawili jina la utani moja. Usiweke pia neno zima kama "manunuzi", maana kesho utaunda orodha ya wapokeaji yenye jina hilohilo, nayo itashindana naye.

Kuna mtego mwingine ambao miongozo ya kigeni haitakutajia: ile alama ya ng'. Ng'ang'a aliyehifadhiwa kutoka simu au hati ya Word mara nyingi ana alama iliyopinda. Kibodi ya kompyuta inaandika iliyonyooka. Kwa programu inayolinganisha herufi kwa herufi, hizo ni alama mbili tofauti, kwa hiyo Ng'ang'a "hayupo" ilhali yumo. Mwekee "nganga" kwenye jina la utani. Usianze kunyoosha alama kadi kwa kadi, utazeeka.

Na hili nitalisema taratibu: jina unalolihifadhi linasafiri. Unapomchagua mtu kwenye mapendekezo, kinachoingia kwenye mstari wa mpokeaji ni jina kutoka kwenye kadi yako pamoja na anwani yake, na vyote viwili vinatumwa ndani ya barua. Yeye anaviona. Waliopewa nakala wanaviona. Kila atakayejibu kwa wote anavirudisha tena mbele ya umma. Watu wetu wana kipaji cha kuhifadhi majina kwenye simu: "Dalali Mwongo", "Usipokee", "Fundi Hamalizi Kazi", "Mama Deni". Simu inasawazishwa na akaunti ya Google, siku moja unaongeza anwani ya barua pepe kwenye kadi hiyohiyo, na Fundi Hamalizi Kazi anapokea ankara iliyoandikiwa kwa jina lake jipya. Maoni yako kuhusu mtu yaweke kwenye sehemu ya maelezo ya kadi. Hiyo haisafiri na barua.

Kwa kuwa tumegusa simu: aliyehifadhiwa kwenye laini hafiki popote. Laini kwa kawaida inabeba jina na namba tu, na haisawazishwi na akaunti yoyote. Tumia chaguo la kuleta kutoka laini ndani ya programu ya anwani ya simu, kisha weka akaunti ya Google iwe mahali pa kuhifadhia wapya. Na asiye na anwani ya barua pepe kwenye kadi hataonekana kwenye mstari wa mpokeaji, hata ukimpigia mara ngapi kwa siku.

Vikundi, basi. Google inaviita lebo, Thunderbird orodha, Outlook vikundi vya anwani. Ukiandika jina la kikundi kwenye mstari wa mpokeaji, wote wanaingia. Sipangi kwa taasisi, napanga kwa barua: "ripoti-mwezi", "kamati-harusi", "wagavi-bei". Swali ni nani hupokea barua hii, wala si anafanya kazi wapi, na mtu mmoja anaweza kuwa kwenye orodha nne bila dhambi. Kwenye Thunderbird jina la orodha haliruhusiwi kuwa na mkato, nukta mkato, alama ya kunukuu wala mabano ya pembe, kwa hiyo tumia kistari.

Imani potofu ya pili inakaa hapahapa: "nimemwongeza kwenye kikundi, mbona hapati majibu ya wenzake?" Kikundi chako ni chako. Wakati wa kutuma kinafumuliwa na kuwa anwani mojamoja, na wapokeaji hawajui kama kiliwahi kuwepo. Wakijibu wote, wanawajibu waliokuwamo siku ile. Uliyemwongeza jana hana njia ya kuingia kwenye mazungumzo ya juzi. Ukitaka anwani moja ambayo yeyote akiiandikia wanapata wote waliomo sasa hivi, hiyo inaundwa kwenye seva na msimamizi wa barua. Kitabu chako cha anwani hakiwezi.

Kufumuliwa huko kuna maana nyingine. Orodha ya wazazi themanini ukiiweka kwenye mstari wa kawaida, umegawa anwani themanini kwa watu themanini. Iweke kwenye nakala fiche (Bcc), mstari wa juu ujiandikie mwenyewe. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi, hata kama wewe unaiona herufi tu. Kumbuka pia kikomo: akaunti ya kawaida ya Gmail inakwama ukizidi wapokeaji 500 kwa barua moja, na seva ya ofisi nayo huwa na kikomo chake. Gawa orodha kabla seva haijakugawia.

Kuleta orodha kutoka Excel: hifadhi kama CSV ya UTF-8, yaani faili la maandishi matupu ambalo programu za anwani zinalisoma, na safu za namba ziwe maandishi kabla hujabandika chochote, la sivyo sifuri ya mwanzo inaliwa na 0712 inakuwa 712. Namba zinazoanza na +255 au +254 nazo ziwe maandishi, la sivyo Excel inaila ile alama ya +. Google hupokea anwani 3,000 kwa mara moja. Jaribu kwanza na mistari mitano, si elfu mbili. Safu zikipishana utajua kwa kadi tano, na kadi tano zinafutika.

Kuhusu kuunganisha kadi pacha, kitufe cha Google kinafanya kazi yake, lakini anwani iliyokufa inabaki ndani ya kadi mpya na itaendelea kupendekezwa. Itoe kwa mkono.

Limebaki lile ambalo sijalipatia dawa safi. Thunderbird inaweza kusoma anwani zako za Google moja kwa moja kwa njia ya CardDAV, na ni jambo zuri: ukibadilisha kwenye simu, kompyuta inajua. Lakini ndani ya kitabu cha CardDAV haikuruhusu kuunda orodha, na lebo za Google haziji kama orodha. Unaunda orodha kwenye "Personal Address Book", unawaburuta watu humo, na Thunderbird inatengeneza nakala ya kila kadi. Kuanzia hapo una Neema wawili. Akihama kazi, Neema wa Google anapata anwani mpya, Neema wa orodha anabaki na ya zamani, na barua inagonga mwamba kimyakimya au inamfikia aliyerithi kiti chake. Kwa orodha ninazozitumia mara kwa mara ninaishi na nakala hizo, ila kabla ya kutuma nabofya orodha kwa kitufe cha kulia, naifumua, nasoma anwani moja baada ya nyingine. Kwa orodha inayobadilika kila mwezi nimeacha: naifanya lebo kwenye Google na natuma kutoka Gmail.