Maoni ni nini hasa katika "uhuru wa maoni"

Wiki iliyopita mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, kijana mmoja alisema mbele za watu kwamba mweka hazina wa kikundi chao amekula hela za nyavu. Mzee akamuuliza, "Mwanangu, daftari umeliona?" Akajibu, "Hayo ni maoni yangu, mzee. Nina uhuru wa maoni." Jibu hilo nimelisikia sokoni, kwenye daladala za Ujiji, hata msibani.

Uhuru wenyewe upo, tena wa kikatiba. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Marekebisho ya 2005 yaliondoa sharti lililoufunga uhuru huo kwenye sheria za nchi, lakini Ibara ya 30 ikabaki: haki yako isivunje haki za wengine wala maslahi ya umma, na sheria inaweza kulinda sifa za mtu. Kashfa inaingia hapo.

Kinachoniuma ni neno "maoni". Limetoka kwenye kuona. Maoni ni namna jambo linavyokaa machoni pako: mwingine akisimama upande wa pili ataliona vingine, na hakuna kati yenu aliyesema uongo. "Mweka hazina huyu hatufai, ni mzito wa kutoa hesabu" ni maoni, hata yakiwa makali, hata akinuna mwezi mzima. Nitamtetea anayeyasema. "Amekula hela" ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni habari ya tendo. Ama limetendeka ama halikutendeka, na daftari ndilo litakalosema. Kutanguliza "mimi naona" hakubadilishi kitu. Akishtakiwa kwa kashfa, mahakama itamtaka aonyeshe kwamba alilosema ni kweli.

Na "huru" nalo tunalichezea. Hapa Ujiji, ulipoishia msafara wa biashara ya pembe na watumwa wa kutoka pwani, mtu huru alikuwa yule asiyemilikiwa na mtu. Ndiye aliyesimama kwa kauli yake mwenyewe na kuijibia. Mzee hakumziba kijana mdomo. Alimwuliza swali, na kuuliza nako ni uhuru uleule.

Basi, mdogo wangu, kama hesabu zinakutia shaka, sema hivi: "Naomba daftari lisomwe mbele ya wanachama wote." Hakuna atakayekushtaki kwa hilo.