Msikate miti ya kivuli kwenye kahawa

Wiki iliyopita, huku Mbozi mkoani Songwe, nimekuta tena magogo mabichi pembeni mwa shamba la kahawa. Mzee mwenye shamba akaniambia: "Bwana shamba, nimeipa jua ili izae." Kauli hii nimeisikia mno, na kila mara inaniuma.

Itazaa, sikatai. Mwaka wa kwanza matawi yanalemewa, na jirani naye anatafuta shoka. Lakini matunda hulishwa na majani. Matunda yakizidi, mbuni, yaani mti wa kahawa, unakula akiba yake wenyewe: ncha za matawi zinakauka, majani yanapukutika, na msimu unaofuata huvuni cha maana. Hapo ndipo mnaniita, mnasema dawa ya kutu, ule ugonjwa wa majani, ni feki. Mara nyingi si kutu, ni njaa. Kahawa ya juani inataka mbolea nyingi na maji ya uhakika, na wengi wetu hatuna hata kimoja.

Arabika, kahawa yetu hii, ni mti wa chini ya miti mikubwa, asili yake misitu ya Ethiopia. Kivulini matunda huiva polepole na punje hujaa vizuri.

Halafu kuna kiangazi chetu. Kilimanjaro wana vuli na masika. Sisi mvua ikikata Mei, tunaingoja hadi Novemba. Mwezi wa nane piga magoti chini ya mgrevilea, mti wetu wa kivuli, fukua matandazo kwa vidole. Udongo ni mweusi, una ubaridi, unashikana mkononi. Sogea hatua kumi hadi palipofyekwa: vumbi, na vile vimizizi vyembamba vya juu vya mbuni vinakatika kama uzi mkavu.

Kivuli nacho kina kiasi chake. Kikiwa kizito unyevu haukauki majanini, mbuni unarefuka bila kuzaa. Vitabu hutaja asilimia; mimi sijawahi kuzipima shambani nikaridhika. Bondeni kwenye ukungu napunguza matawi zaidi kuliko kwenye kilima chenye upepo, na nimewahi kukosea. Pogoeni mti kabla ya mvua, msiung'oe.

  

Yule mzee wa magogo tumekubaliana aanze na migomba, maana inakua haraka, na miche ya mgrevilea aipande mvua za kwanza zikinyesha. Mashimo tumeshayapima pamoja.