Usomaji hakiki wa utamaduni wa ununuzi: maana yake katika somo la Kiingereza sekondari

Mwaka 1947 mwandishi wa matangazo wa Marekani, Frances Gerety, aliitungia kampuni ya almasi ya De Beers kauli fupi: almasi ni ya milele. Itazame kwa jicho la mwalimu wa sarufi. Muuzaji hayumo. Mnunuzi hayumo. Bei haimo, wala kitenzi cha kununua. Inaeleza tu hali ya kitu, kama mtu asemavyo barafu ni baridi, na msomaji hapati pa kubishia. Neno "milele" nalo linabeba mizigo miwili. Linaifunga almasi kwenye ndoa, na papo hapo linamnong'oneza mwenye pete kwamba kitu cha milele hakiuzwi tena. Pete za zamani zisiporudi sokoni, mpya hazina mshindani wa bei nafuu.

Kumwezesha mwanafunzi kuyaona hayo yote ndani ya maneno machache ndiko kunakoitwa usomaji hakiki.

Uhakiki tumeuzoea kwenye riwaya na mashairi. Hapa matini ni pana zaidi: tangazo, maandishi ya kwenye kifungashio, video ya mtu anayesifu viatu alivyopewa bure, ujumbe wa simu unaosema zimebaki mbili tu. Kuhakiki si kuwinda uongo. Tangazo linaweza kusema kweli tupu na bado likamfanya msomaji ajione ana upungufu fulani ambao jana hakuwa nao. Basi swali la "je, ni kweli?" halitoshi. Swali zito zaidi ni hili: matini hii inanitaka niwe mtu wa namna gani ili niikubali?

Utamaduni wa ununuzi, kwa upande wake, si kitendo cha kununua. Kila mtu hununua. Ni hali ya jamii ambamo watu hujitambulisha, hupimana hadhi na hutafuta faraja kupitia vitu. Mwanauchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, alikwisha kuandika mwaka 1899 kuhusu matumizi ya fedha yanayofanywa ili yaonekane na wengine. Kilichoongezeka tangu hapo ni kwamba sasa ujumbe wa aina hiyo unamfikia kijana mfukoni mwake, saa zote, mara nyingi bila sura ya tangazo.

Mzizi wa fikra ya usomaji hakiki unapatikana Brazili. Mwaka 1963 mwanaelimu Paulo Freire aliongoza mradi wa kuwafundisha kusoma wafanyakazi wapatao 300 katika mji wa Angicos, kwa saa 40 hivi, akitumia maneno ya maisha yao wenyewe. Kwake, kulisoma neno hakutengani na kuusoma ulimwengu. Serikali ilipopinduliwa mwaka uliofuata, alifungwa, kisha akaenda uhamishoni. Mwaka 1990, huko Australia, wanaelimu Peter Freebody na Allan Luke walieleza kuwa msomaji kamili ana kazi nne: kuzitambua herufi na sauti, kupata maana, kuitumia matini kwa shughuli husika, na kuichambua ilivyoundwa na kwa faida ya nani. Kazi ya nne haizifuti tatu za kwanza, na hili nalisisitiza kwa sababu ya madarasa ambamo Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu. Mwanafunzi ambaye bado anapambana na maana ya sentensi hawezi kudaiwa aione hila iliyomo. Mpeni maana kwanza.

Kwa nini basi usomaji huu ufundishwe kwenye Kiingereza, wakati yapo masomo ya biashara na uraia? Kwa sababu vifaa vyake ni vya sarufi, na mwalimu anavyo tayari. Tazama viwakilishi. Katika miaka ya 1970 kampuni ya vipodozi ya L'Oréal ilikuja na kauli iliyosemwa na mwanamke mwenyewe: kwa sababu ninastahili. Baadaye ikageuzwa: kwa sababu unastahili. Nafsi ya kwanza ikawa ya pili, na mambo mengi yakahama nayo. Kwanza mwanamke alikuwa anatetea uamuzi wake kwa kinywa chake. Baada ya mabadiliko kuna sauti nyingine inayompa cheti cha kustahili, na sauti hiyo ni ya anayeuza. Mwanafunzi aliyekariri jedwali la nafsi kwa ajili ya mtihani huona hapo, labda kwa mara ya kwanza, kwamba nafsi ina mamlaka.

Vivyo hivyo vivumishi vya ulinganisho. "Safi zaidi" kuliko nini? "Punguzo la hadi asilimia 50" linasimama juu ya neno moja dogo, hadi, na neno hilo linaruhusu punguzo la asilimia 5. "Inaweza kusaidia" haijaahidi kitu.

Yapo makosa ambayo huliua somo hili, na kubwa kuliko yote ni mahubiri. Mwaka 1933, nchini Uingereza, mhakiki wa fasihi F. R. Leavis na mwenzake Denys Thompson walitoa kitabu cha mazoezi ya shuleni yaliyowataka wanafunzi wachambue matangazo. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilijengwa juu ya imani kwamba fasihi bora itawakinga vijana dhidi ya utamaduni wa soko, mithili ya chanjo. Mtazamo huo bado unaishi. Mwalimu huingia na jibu mkononi, kwamba matangazo ni mabaya na kupenda vitu ni upumbavu, na wanafunzi, ambao ni hodari sana wa kusoma anachotaka mwalimu, wanaandika hivyo hivyo na kupata alama. Hapo hakuna aliyehakiki chochote. Raha ya kijana kwa jezi mpya ni raha ya kweli na inastahili kuulizwa kwa heshima: inatoka wapi, inamuunganisha na nani? Pia darasani yumo asiye na uwezo wa kununua. Kumwambia huyo kwamba vitu havina maana, mbele ya wenzake walionavyo, ni kumuumiza. Kamwe usichukue kiatu au simu ya mwanafunzi kuwa mfano.

Hilary Janks, mtaalamu wa usomaji hakiki wa Afrika Kusini, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba uchambuzi ufuatwe na kuiunda matini upya. Nakubaliana naye kabisa, kwa sababu ni katika kuandika ndipo mwanafunzi anapoigusa nguvu ya lugha. Rudi kwenye kauli ya almasi, uwape kazi moja: mrudisheni muuzaji ndani ya sentensi. Wataandika kitu kama "Sisi tunawauzia almasi, na tungependa msije mkaziuza." Waisome kwa sauti, kisha waisome ya Gerety. Yao inasema mengi zaidi, lakini haina mahadhi na hakuna atakayeikumbuka kesho. Sasa waulize ni nini hasa kilichopotea, na waandike tena, safari hii wakijaribu kuwa na muuzaji na mahadhi kwa pamoja.